Mnyororo wa Shemeji Komeo

Niseme mapema, asije mtu akadai nimeficha: huyu ninayetaka kuwaeleza maisha yake nilimwonea wivu. Sio wivu wa utani. Wivu wa kumkosesha mtu hamu ya chakula. Kwa hiyo mkiona mahali nimemchora vibaya, nipunguzieni. Mkiona mahali nimemsifu, mjue hapo nimesema kweli, maana kumsifu kunanichoma.

Alikuwa fundi kufuli, na ni mume wa dada yangu mdogo. Tulimwita Komeo. Jina hilo hakulipata kwa kazi yake, alilipata kwa mdomo wake. Ukimsalimia, anaitikia. Ukimuuliza habari za nyumbani, anasema "salama", na ukingoja zaidi ya hapo utaota mizizi. Alipokuja kuposa, wajomba zangu walikaa naye sebuleni saa nzima, na mjomba mkubwa akatoka akifuta jasho. "Huyu kijana ama ana akili sana, ama hana kabisa," akaniambia. "Tumpe tu. Angalau hatatugombeza." Tukampa, na kweli hakuwahi kugombana na mtu.

Kibanda chake cha mbao kilikuwa kimeegemea ukuta wa duka langu la kunyolea, pale kwenye mdomo wa kichochoro chetu, barabarani. Upana wake hatua tatu. Ndani kulikuwa na jiliwa la kubania chuma, tupa za kila unene zilizopangwa kama vijiko, makopo ya springi, na ukuta mzima wa funguo zilizotundikwa kwenye misumari, funguo za kufuli zilizokwishakufa. Hakuzitupa. Alisema siku moja mtu anaweza kuja. Ufundi alifundishwa na baba yake mdogo, aliyekuwa akimchapa vidole kwa ubapa wa tupa kila alipozidisha mkwaruzo mmoja. Alipokua hakuhitaji kuangalia. Alichomeka ufunguo, akauzungusha nusu, akasikiliza, akautoa akaukwaruza mara mbili, akarudisha. Kufuli ikafunguka. Masikio alijaliwa. Ulimi ndio aliunyimwa.

Mimi nilijaliwa ulimi. Miaka ishirini siasa zote za mtaa zilinyolewa kwangu. Nilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, benchi la wanaongoja, na benchi lile halikukaa tupu hata siku moja. Waliokuja kunyoa walikuwa wachache kuliko waliokuja kusikiliza. Nilijua waziri gani ataanguka kabla yeye mwenyewe hajajua. Nilizungumza vizuri hasa habari za wageni: kwamba mtu ni mtu, kwamba mpaka ulichorwa kwa rula na watu ambao hawakuwahi kuukanyaga, kwamba anayekimbia nyumbani kwake hakukimbia kwa kupenda. Watu walitikisa vichwa, nami nikilazimika kuwashika ili nisiwakate. Maneno hayo nilikuwa nayaamini. Mpaka leo nayaamini, na hilo ndilo linalonifedhehesha.

Kisha bomu likalipuka kwenye stendi kuu ya mabasi, Jumanne, saa nne asubuhi. Sisi tuko mbali na pale, lakini chupa yangu ya spiriti iliruka kutoka kwenye rafu. Sitaeleza habari za waliokufa, wana wenyewe wa kuwaeleza. Kesho yake polisi walikuja kumchukua Komeo. Walikuwa na masanduku ya abiria zaidi ya sitini yasiyo na wenyewe, na walitaka yafunguliwe bila kuvunjwa ili wapate majina ndani. Alikwenda siku nne. Dada yangu aliniambia kila jioni alirudi akanawa mikono hadi viwikoni, akakaa, asile.

Siku ya tano alizungumza. Mama mmoja alikuja kuchonga ufunguo wa kabati, na Komeo, mtu wa "salama", akazungumza naye dakika arobaini. Mimi nikiwa upande wa pili wa mbao, wembe wangu ulisimama hewani. Alimweleza sanduku la bibi harusi. Alimweleza sare ya shule iliyokuwa bado na karatasi ya bei. Alimweleza begi kubwa, zito, lenye kufuli tatu, ambalo polisi waliliogopa wakasogea nyuma, akalifungua peke yake, na ndani mlikuwa na vitunguu vitupu. Mtu alikuwa anampelekea mama mkwe wake vitunguu. Yule mama alilia. Mteja wangu akafuta macho kwa taulo langu.

Mimi nilifikiri: hadithi ya vitunguu ningeisimulia vizuri zaidi. Hilo ndilo nililofikiri. Hata kwenye msiba wa watu nilimwonea wivu kwa kile alichokiona.

Kutoka kwenye masanduku akahamia kwenye serikali. Dada yangu akaanza kumrekodi kwa simu na kutuma sauti zile kwenye kundi la mtaa, zikatoka kwenye kundi la mtaa zikaenda tusikokujua. Hakuwa na lugha ya vitabu. Alizungumza polepole, huku tupa ikikwaruza, nadhani kule kukwaruza ndiko kulikowanasa.

"Mlinzi unamlipa," alisema. "Analala. Mwizi anaingia, anabeba, anaondoka. Halafu mlinzi anaamka, na mtu wa kwanza anayempekua ni wewe. Huyo ni mlinzi? Ndugu zangu, hiyo ndiyo serikali mnayoingoja iwalinde."

Siku nyingine: "Zamani mtaa ulimjua kila anayelala ndani yake. Leo mtu anahamia na begi moja, humjui baba, humjui mama, mnamwita jirani. Mpaka umekuwa chujio. Sisemi wageni wote ni wabaya. Nasema siwajui. Na mtu usiyemjua humpi ufunguo."

Na siku nyingine akafika kwenye mzizi wa mambo, kama alivyopenda kusema: serikali kubwa haifai tena, imekuwa kubwa mno kumwona mtu mmoja. Kila mtaa ujilinde, uamue mambo yake, upatanishe watu wake, bila mkuu, bila ofisi, bila mhuri. Waliojuana walindane. Wengine wakatafute wa kuwajua.

Nilimjibu, kwa wateja wangu. Nilisema wasiojuana leo ndio wanaojuana kesho. Ilipotangazwa kwamba waliolipua stendi walizaliwa humuhumu nchini na wawili kati yao walisoma sekondari mjini, nilifungua redio kwa sauti ya juu ili asikie. Alisikia. Akasema, "Sawa, lakini walifundishwa na nani?" na watu wakasema ehee. Nilikuwa na hoja na yeye alikuwa na tupa, na tupa ikashinda.

Benchi langu likaanza kupungua. Walikuwa wanasimama nje ya kibanda chake, wengine kichwa nusu kimenyolewa na shuka langu shingoni. Siku moja niko katikati ya sentensi, sentensi nzuri, na mzee niliyemnyoa miaka kumi na minne akainua kidole: "Kinyozi, hebu nyamaza kidogo tumsikie shemeji yako."

Nilinyamaza. Usiku ule mke wangu aliniuliza kama naumwa.

Sasa niwaeleze habari ya geti, maana ndipo Komeo alipokuwa bingwa kweli, na sitampunja. Kichochoro chetu kina nyumba kumi na moja na njia moja tu ya kuingilia. Watu walimwambia: fundi, maneno tumeyasikia, tufanye nini? Wakafikiri ataweka geti, atachonga funguo kumi na moja, na yeye atakuwa mkuu wa geti. Akakataa. Alisema ufunguo ukiwa mmoja kwa watu kumi na moja, mmoja akiupoteza wote mmepotea, na anayeuchonga anakuwa serikali. Akatundika geti la nondo kwenye mdomo wa kichochoro, akalifunga kwa mnyororo mfupi, na ncha mbili za mnyororo hazikukutana. Pengo lile alilijaza kwa kufuli. Kila nyumba ilileta kufuli yake na ufunguo wake, na kufuli zikashikana moja ndani ya nyingine, kumi na moja kwa mstari. Ukifungua yako, mstari unakatika hapo, geti linafunguka. Ukitoka, unaishikisha yako kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, unafunga. Hakuna mkuu, hakuna ufunguo wa pamoja, na hakuna wa kumwomba mwenzake ruhusa.

Alitoa onyo moja tu. "Usimruke jirani," alisema. "Ukiunga yako kwa jirani wa jirani ukamwacha wa katikati, huyo atabaki ananing'inia kama hereni. Atafungua kufuli yake mpaka achoke na geti halitamsikia." Wiki ya kwanza tu Bibi Mkaa, mwenye macho hafifu, akamruka Mwalimu, na Mwalimu akakaa nje dakika kumi akipiga mayowe na madaftari kichwani. Tulicheka sana. Bibi Mkaa aliomba radhi akamletea mkaa wa siku mbili.

Nyumba ya sita kutoka mwisho alikaa Fundi Cherehani. Huyo ndiye mgeni wetu. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka na mama yake mzee na sanduku la bisibisi ndogondogo, anatengeneza vyerehani vya watu. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimnyoa bure siku ya kwanza, nikamtafutia chumba, nikamtembeza mtaani nikimtambulisha nyumba kwa nyumba. Aliniita kaka. Alikaa kwenye benchi langu kila jioni na kunisikiliza nikizungumza habari za watu kama yeye, akitabasamu kwa adabu.

Siku ya kufunga kufuli mtaa mzima ulitoka kuangalia Komeo atamfanyaje. Hata mimi nilitoka, nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba tayari kifuani ya kumtetea mgeni mbele za watu wote. Fundi Cherehani akasogea na kufuli aliyonunua mjini. Komeo akaipokea, akaitikisa karibu na sikio, akasema, "Hii takataka." Akaingia kibandani, akatoka na kufuli yake mwenyewe, ya shaba, nzito, akampa, akaiunga kwa mkono wake kati ya yake na yangu.

Mtu akauliza, "Fundi, si ulisema?"

"Nilisema," Komeo akajibu. "Lakini mnyororo hauulizi mtu katoka wapi. Unauliza kama ana kufuli."

Watu wakapiga makofi. Kumbukeni, mimi nilikuwa nimesimama pale na hotuba kifuani. Miaka ishirini nimehubiri jambo hilohilo na hakuna aliyenipigia makofi. Yeye aliyekuwa akiwatukana wageni asubuhi na jioni alifanya kwa dakika mbili, kwa mkono, na sifa zote akabeba yeye. Na alikuwa haoni hata kama anajipinga. Kwake kulikuwa na wageni kwenye maneno, na kulikuwa na huyu mtu hapa mwenye kufuli mbovu.

Ningeyameza hayo. Kilichonikaba ni kwamba Fundi Cherehani alihama benchi langu. Alihamia kibandani. Watu wawili wenye mikono ya mafuta, wanapeana springi, wanaangalia parafujo ndogo kwenye mwanga, hawasemi kitu robo saa nzima, wanafurahi. Nilikuwa nawasikia kupitia mbao.

"Leo umetusema vibaya sana, fundi," mgeni alimwambia siku moja baada ya kurekodi.

"Nimewasema hao wengine," Komeo akasema.

Wakacheka. Komeo kucheka! Dada yangu alikuwa hajamsikia akicheka tangu harusi. Nikajiambia: mimi nimempokea, mimi nimemtetea, na anakwenda kucheka na anayemtukana. Roho iliniuma mpaka nikamkata mteja sikio.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuandika kwamba sikupanga. Nilipanga. Nililifikiria siku tisa. Sikutaka kumdhuru mgeni, na hilo naliapia, ingawa sijui kiapo changu kina thamani gani. Nilitaka watu wamwone Komeo alivyo, yaani alivyo kwenye maneno yake. Niliona ni kama nasaidia ukweli utoke nje.

Ilikuwa Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Wakati huo, baada ya bomu la pili kwenye mji mwingine, geti lilikuwa likifungwa hata mchana. Komeo alikuwa amekwenda mjini kununua shaba. Fundi Cherehani alikuwa amempeleka mama yake hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho. Nilikwenda nyumbani kuchukua taulo safi, nikarudi, nikatoka getini. Kichochoro kilikuwa kitupu. Kufuli zilikuwa na moto wa jua. Niliishika yangu, nikaiunga kwa jirani wangu wa kushoto, kisha nikairusha juu ya ile ya mgeni na kuifunga kwenye ile ya Komeo. Ya mgeni ikabaki imening'inia kwenye kufuli ya Komeo, nje ya mstari. Haikuchukua muda wa kusema haya. Nikarudi dukani, nikawasha mashine, nikaanza kunyoa.

Walifika saa saba. Mama alikuwa na kitambaa cheupe kimefunika jicho na nusu ya uso, anamshika mwanawe begani. Nilimwona Fundi Cherehani akichomeka ufunguo. Kufuli ikafunguka. Mnyororo ukabaki vilevile. Akafunga, akafungua tena. Kisha akainama akaangalia vizuri, akaielewa, kwa sababu naye ni fundi wa vitu vidogo. Akaiacha pale ikining'inia wazi.

"Kuna nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Hamna kitu, mama. Imekwama kidogo."

Akaja mlangoni kwangu. "Kaka," akasema, kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. "Nifungulie kwa kufuli yako. Mama hawezi kukaa juani, daktari amekataa."

Hapo ningeweza kuacha. Hatua kumi, ufunguo mfukoni, basi. Badala yake nilimtolea mama kiti nje na glasi ya maji, nikasema pole sana mama, na mwanawe nikamwambia, "Ngoja shemeji arudi. Haya mambo ya geti ni yake. Mimi sijui wamekubaliana nini."

Sijui wamekubaliana nini. Niliyasema kwa sauti ya kutosha. Maneno yale matatu yalifanya kazi yote. Bibi Mkaa alikuja getini kwa ndani, akaona, akauliza, akaambiwa na mtu kwamba inaonekana kuna makubaliano, akarudi ndani akitikisa kichwa. Mwalimu alitoka shuleni, akaona kufuli imetengwa, akasimama, akaangalia saa, akakumbuka kitu dukani. Kila mtu alifikiri wengine wameamua. Hakukuwa na mkuu wa kumuuliza, maana ndivyo geti lilivyojengwa. Saa mbili nzima watu wenye funguo mifukoni walipita wakimwangalia mama mzee mwenye jicho lililofungwa, wakimpa pole, na hakuna aliyefungua. Jua lilipohama, mwanawe alisimama upande wa jua akamfunika kwa koti.

Komeo alirudi saa tisa na kifurushi cha shaba kwapani. Sasa watu walikuwa wamejaa, kama kawaida ya watu. Mtu akapaza sauti, "Fundi, imening'inia kwako! Angalia, iko kwenye kufuli yako!" Wote wakaona, ni kweli, ilikuwa imeshikwa na ya Komeo. Ushahidi gani tena?

Komeo alishika mnyororo. Aliupitisha vidoleni polepole, kufuli kwa kufuli, kama alivyofanya na kila kitu. Alipofika kwenye yangu akasimama. Akainua macho akaniangalia mara moja, mimi nikiwa mlangoni na brashi mkononi. Nilifikiri anaomba nimsaidie. Kisha akafungua kufuli yake, geti likafunguka.

"Ungeniambia tu, fundi," Fundi Cherehani akasema. Hakupandisha sauti. "Ningeondoka mwenyewe. Hakukuwa na haja ya kumkalisha mama juani."

"Sikufanya mimi," Komeo akasema.

Mwalimu, ambaye nadhani alikuwa na haya ya ile saa yake, akatoa simu na kuifungua. Sauti ikatoka, polepole, na mkwaruzo wa tupa nyuma yake: na mtu usiyemjua humpi ufunguo. Watu wakaguna. Komeo hakurudia kujitetea.

Siku ya tatu Fundi Cherehani alihama. Alikuja kuniaga, akanishukuru kwa kile kiti. Nilimkumbatia. Sijui alikokwenda.

Mnyororo ulivunjika wenyewe. Kila mmoja alikuja kimyakimya kuchukua kufuli yake, geti likabaki wazi mpaka likapinda. Komeo hakurekodi tena. Watu waliokuwa wakimshangilia ndio waliokuwa wa kwanza kumtemea mate, na waliokuja kuchonga funguo wakaanza kwenda mtaa wa pili. Dada yangu alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni, akakataa kuketi.

"Kaka, mtetee," akasema. "Wewe watu wanakusikia. Naishi naye, namjua. Hakufanya. Halali, hali, anakaa anapanga zile funguo zake za zamani. Sema neno moja tu."

"Nitaona," nikamwambia.

Sikuona chochote. Nilikuwa na benchi langu. Limejaa tena, na jambo lililolijaza lilikuwa Komeo. Kila siku walitaka nirudie jinsi mama alivyokaa juani, na mimi nilirudia, natia chumvi hapa na pale, jinsi nilivyompa kiti, na kwamba siku zote nilisema chuki inaanza na maneno. Nilizungumza vizuri kuliko wakati wowote. Dada yangu hakuja tena.

Miezi minne baadaye, Jumamosi, duka limejaa, Komeo akaingia. Ndevu zilikuwa zimemjaa uso. Akaketi kwenye kiti changu, akafumba macho. Wateja wangu tisa waliinuka mmoja mmoja, wakatoka nje, wakasimama barabarani wametupa mgongo. Tukabaki wawili. Nikampaka povu, maana sikujua nifanye nini kingine.

"Ukimruka mtu kwenye mnyororo," akasema, macho bado yamefumbwa, "kufuli yake haibaki kwako. Inabaki kwa yule jirani wake mwingine, ambaye hakugusa kitu. Ilibaki kwangu."

Mkono wangu na wembe ulikuwa shingoni kwake.

"Ulijua lini?"

"Palepale."

"Mbona hukusema?"

Alifikiri, kama kawaida yake. "Yale maneno niliyasema mimi, shemeji. Mwalimu hakuyatunga. Nilimkumbuka mama wa watu kila nilipotaka kufungua mdomo. Halafu wewe ni kaka wa mke wangu. Nikikutaja, atabaki na nani? Sikuja kukusuta. Kuna kitu kimoja tu nimeshindwa kukifungua. Nilikukosea nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa maneno mawili: walikusikiliza wewe. Nilimnyoa upande wa kulia, nikamnyoa upande wa kushoto, nikamfuta kwa taulo la maji ya moto, na sikulisema. Alingoja mpaka nilipomtoa shuka. Alijiangalia kiooni, akasema "ahsante", akatoka. Watu wakampisha bila kumgusa.

Wakarudi ndani wote tisa. Yule mzee niliyemnyoa miaka kumi na minne akaketi kwenye kiti kikiwa bado na joto lake. Benchi likajaa, wengine wakasimama, na kimya kikawa kile ninachokipenda, kimya cha watu wanaosubiri nizungumze.

"Haya, kinyozi," mzee akasema. "Kakuambia nini?"

Nikafuta wembe.

"Anasema hajutii," nikawaambia.